Mtoto wa Jicho wa Gari Letu

Jiwe lenyewe halikuzidi punje ya hindi. Lilichomoka kwenye tairi la nyuma la lori la kokoto lililotutangulia, kwenye kipande cha barabara kilichokuwa kinakarabatiwa kabla hatujaingia Morogoro, likatua kwenye kioo cha mbele kwa mlio mmoja mkavu. Mama mkwe, aliyekaa kiti cha mbele na begi lake la nguo mapajani, aliinua kichwa.

"Nani ametupiga?"

Hakuwa ameona kitu. Jicho lake la kulia lilikuwa limefungwa na mtoto wa jicho kwa miaka miwili, na la kushoto lilikuwa linafuata njia hiyohiyo. Tulikuwa tumekwenda Iringa kumchukua aje Dar es Salaam afanyiwe upasuaji.

Mume wangu aliegesha pembeni, akashuka, akapitisha kidole juu ya kioo. Alama ilikuwa upande wa abiria, chini kidogo ya katikati, ukubwa wa kunde moja, na kando yake vilichomoza vijistari vitatu vifupi kama miguu ya mdudu. "Si kitu," alisema, akarudi kwenye usukani. Bibi akataka aelezwe ilivyo. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka 14, akamweleza kutoka kiti cha nyuma: ukubwa wake, weupe wake wa maziwa, ile miguu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi gari nalo limepata mtoto wa jicho," alisema. "Lipelekeni mapema, lisije likafanya kama nilivyofanya mimi."

Mimi nafundisha kemia na fizikia shule ya sekondari. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko yote yaliyofuata: nilikuwa najua. Kila mwaka huwasimulia wanafunzi wangu habari za Édouard Bénédictus, mkemia wa Ufaransa, ambaye mwaka 1903 chupa yake ya maabara ilianguka, ikapasuka, lakini vipande havikutawanyika. Ndani ya chupa ile dawa ya selulosi ilikuwa imekauka na kuacha utando, na utando ndio ulioshika vipande. Mwaka 1909 akasajili uvumbuzi wa kioo cha tabaka, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia kioo hicho kiliwekwa kwenye macho ya barakoa za kukinga gesi ya sumu. Kioo cha mbele cha gari ni mjukuu wa chupa ile: vioo viwili vyembamba, katikati utando wa plastiki. Vioo vya milangoni ni vya aina nyingine, vimepikwa kwa moto na kupozwa ghafla, vikivunjika vinamwagika kama chumvi ya mawe. Cha mbele kinapasuka lakini hakimwagiki.

Kwa hiyo nilijua kwamba jiwe lile limejeruhi kioo cha nje tu, na kwamba jeraha la namna ile linatibika. Fundi huvuta hewa iliyomo kwenye kishimo, husukumia ndani gundi nyepesi, kisha humulika kwa taa ya urujuanimno hadi igande. Alama hubaki kidogo, lakini ufa hausogei tena. Ila kishimo kiwe kikavu na kisafi. Vumbi na maji vikitangulia kuingia, gundi haipati pa kushika. Hata kipande cha selotepu kingetosha kukitunza kwa siku mbili tatu.

Fundi tuliyemuuliza kwa simu alitaka shilingi 40,000. Mume wangu aliandika zile 40,000 kwenye karatasi ya mahesabu iliyokuwa mezani, chini ya gharama za hospitali, matone ya jicho, miwani myeusi na nauli ya shemeji aliyekuwa anakuja kusaidia kumuuguza mama. Aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akapiga mstari juu ya ile ya mwisho. Sikumpinga. Jicho la mama yake kwanza, gari baadaye, na bima yetu ilikuwa ndogo, ile isiyogusa gari lako mwenyewe. Mpaka leo sioni kwamba alikosea kumtanguliza mama. Tulichokosea ni kuamini kwamba kioo kitatusubiri.

Zikafuata dawa za nyumbani. Jirani alishauri dawa ya meno. Shemeji akaja na gundi ile inayoshika vidole. Mwisho mume wangu akaazima kwa binti yetu chupa ya rangi ya kucha isiyo na rangi, akadondosha matone mawili, akatulia, maana kwa mbali alama ilififia kweli. Rangi ya kucha hufunga mdomo wa kidonda na kuufungia uchafu ndani. Baada ya hapo hata yule fundi wa 40,000 asingeweza tena kusukuma gundi yake ikafika chini.

Wiki ya tatu, Jumamosi, mama alikuwa na siku mbili tu kabla ya kwenda hospitali. Nilimwomba binti yetu aoshe gari ili bibi yake asipande kwenye vumbi la safari. Ni mimi niliyemwomba, na ni mimi ambaye sikutazama saa. Ilikuwa saa saba mchana, lile joto la Dar kabla ya masika, na gari lilikuwa limeanikwa juani tangu asubuhi. Alichota ndoo ya maji yaliyolala ndani, ya baridi, akapanda juu ya kigoda, akayamwaga yote kwenye kioo.

Nilisikia nikiwa jikoni. Mlio mwembamba, kama mtu amekata uzi wa gitaa. Nilipotoka, ufa ulikuwa umeshaanza kutambaa kutoka kwenye ile kunde kwenda upande wa dereva, ukapinda juu, ukasimama, ukaendelea tena. Mtoto alisimama na ndoo tupu, akiutazama unavyokwenda.

Baba yake alitoka, akaona, akapaza sauti. Alisema maneno ambayo mtu mwenye karatasi ya mahesabu kichwani husema: umevunja kioo, umetutia hasara, hata kuosha gari hujui. Usiku ule binti yangu hakula. Nilimfuata chumbani nikamweleza kama ninavyoeleza darasani: kioo cha moto kikimwagiwa maji ya baridi, ngozi ya nje hujikunja ilhali ndani bado kumetanuka, na kioo huvumilia kubanwa lakini hakivumilii kuvutwa. Mvuto wote hukimbilia penye jeraha. Alitikisa kichwa kuonyesha amenielewa. Asubuhi tukakuta kibubu chake kimevunjwa na shilingi 18,500 zimepangwa mezani, noti na sarafu, kwa ajili ya kioo. Yale niliyomweleza mtoto sikumweleza baba yake. Nilisema moyoni, kuna mgonjwa ndani ya nyumba, tusianze kubishana. Mume wangu akazichukua zile fedha.

Jumapili ile ilikuwa siku ya pekee iliyobaki. Na ufa ule usingeweza kuachwa. Jioni iliyotangulia tulikuwa tumeliendesha gari mpaka duka la dawa, na kila taa iliyokuja mbele yetu ilipasuka ikawa taa tano, zenye miale mirefu. Bibi, tulipomsimulia, alisema hivyohivyo ndivyo aonavyo yeye taa, siku zote.

Fundi tuliyempata alifanyia kazi kando ya barabara, chini ya mwembe. Kioo kipya pamoja na kukifunga: shilingi 230,000. Alikibandua cha zamani kwa bisibisi na nyundo, akakwangua fremu, akazungusha silikoni kutoka kwenye mrija, akabandika kipya, akapiga ngumi pembeni kukikalisha. Saa moja haikufika. Kitinda mimba wetu alisikitikia stika ndogo ya Kijapani iliyoondoka na kioo cha zamani, ile iliyokuja na gari letu, Noah, tangu bandarini. Alikuwa anaamini ndiyo jina la gari. Fundi akasema tusubiri dakika 20. Tulisubiri 20, tukaondoka, tukafunga milango kama tunavyoifunga siku zote, kwa kishindo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Lenzi iliyochakaa ikatolewa, ya plastiki ikawekwa, mama akarudi nyumbani siku ileile na kikinga juu ya jicho. Kesho yake, Jumanne, tulimrudisha wakamfungua na kumpima. Muuguzi alimpa masharti, akayarudia mbele yangu ili niwe shahidi: asisugue, asiiname, asinyanyue kitu kizito, matone kwa saa, na maji yasiingie jichoni kabisa.

Mvua ya kwanza ya masika ilitukuta tukiwa njiani kurudi, maeneo ya Ubungo, kwenye foleni isiyosogea. Ilinyesha kwa nguvu zote. Nilikuwa nyuma ya kiti cha mama. Nikaona kitambaa cha dari, pale pembe ya juu ya kioo, kinabadilika rangi. Tone la kwanza lilianguka kwenye dashibodi. La pili likafuata nguzo. La tatu likaanguka kwenye bega la mama, na baada ya hapo sikuhesabu tena. Nilivua khanga niliyojitanda, nikaikunja mara nne, nikainyoosha kwa mikono miwili juu ya kichwa chake nikiwa nimeinama juu ya kiti. Mume wangu alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukikandamiza kitambaa pembeni mwa kioo, na maji yalikuwa yanapita kati ya vidole vyake. Mama alikuwa ameinua uso, amefumba macho yote mawili, anauliza, "Imeingia ndani? Mvua imeingia ndani?" Nilimwambia, "Nimekushika, mama." Mikono yangu ilitetemeka mpaka nyumbani Tabata.

Jicho halikupata maji. Kila nikikumbuka nashukuru.

Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa fundi mmoja Ilala, kijana aliyesomea VETA, mwenye kibanda chenye paa na sakafu ya saruji. Jumamosi iliyofuata tulikwenda sisi watatu, mimi, baba na binti. Kijana alituamkia, akaingia ndani ya gari, akaweka kiganja kwenye pembe ya kioo na kusukuma taratibu. Pembe ikafunguka kama kifuniko cha bati.

"Mama, hiki hakijashikwa," aliniambia. "Kimeegemea tu."

Akatueleza bila haraka, na nilimsikiliza kama nilivyokuwa nikimsikiliza mwalimu wangu. Kioo cha mbele katika gari kama hili kimegundishwa kwenye bodi, nacho husaidia kubeba paa. Gari likipinduka, kioo kilichoshika huzuia paa lisibonyee kichwani. Mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka, mara nyingi huenda juu kwanza, huegemea kioo, ndipo hurudi kumpokea mtu. Kioo kikiwa kimelegea kitang'oka, na mfuko utakwenda nacho nje. Nilikitazama kile kiti cha abiria. Silikoni, alisema, ni ya dirisha la bafuni. Gari linataka gundi nyeusi ya yurethani, ambayo haishiki juu ya mabaki ya silikoni. Kwa hiyo kazi kubwa ya siku hiyo ingekuwa kusafisha.

Kisha akauliza kioo cha kwanza kilivunjikaje. Mume wangu alimwonyesha binti kwa kidevu. "Huyu alikimwagia maji ya baridi juani."

"Kabla ya maji hakikuwa na alama?"

"Ilikuwepo ya jiwe. Wiki tatu hivi."

"Basi mzee, kilivunjika siku ile ya jiwe," kijana alisema, mkono wake ukiwa bado kwenye pembe ya kioo. "Maji yamemalizia tu. Kioo kizima si rahisi kipasuke kwa ndoo moja. Yeye asingemwaga, kingemalizwa na tuta, au na kiyoyozi."

Hakusema zaidi. Binti yangu alikuwa anatazama chini. Mume wangu alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kununua maji ya kunywa.

Kazi ilichukua saa tano, na sijawahi kuona mikono inayoheshimu kazi kama ile. Yeye na msaidizi wake walikata silikoni iliyobaki kwa waya mwembamba, mmoja akiwa ndani ya gari na mwingine nje, wanavutana kama watu wawili kwenye msumeno. Chini yake, pale bisibisi ya yule wa kwanza ilipokwangua rangi hadi kwenye bati, kutu ilikuwa imeshaanza, ya rangi ya chungwa, baada ya siku sita tu za unyevu wetu wa pwani. Waliipiga msasa, wakapaka praima, wakangoja ikauke. Mdomo wa mrija wa gundi aliukata pembetatu, ili gundi isimame kama tuta la viazi na kubanwa sawasawa kioo kikishuka juu yake. Alimwita binti yangu amwonyeshe ule ukanda mweusi unaozunguka ukingo wa kioo, wenye vidoti vidogovidogo. "Huu si urembo. Unaikinga gundi na jua. Jua likiipata inaoza." Akamwonyesha pia maandishi ya pembeni, herufi E ndani ya duara na 43R, alama ya kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Mtoto aliisoma kwa sauti. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

Wawili wakakiinua kwa vikombe vya mpira vya kunyonya, wakakishusha mara moja, bila kukisogeza tena.

Masharti yake yalikuwa mengi karibu kama ya muuguzi. Gari lisiondoke mpaka jioni, kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo la gundi. Tepu zibaki mpaka kesho. Lisioshwe kwa mashine kwa siku mbili. Milango ifungwe polepole, na dirisha la dereva liachwe wazi vidole vinne usiku kucha, maana mlango ukifungwa kwa kishindo, hewa iliyofungiwa ndani hukisukuma kioo nje kabla gundi haijakomaa. Gundi hiyo hukomaa kwa kunywa unyevu wa hewa, na hilo lilinifurahisha: unyevu uleule uliotuletea kutu ndio ungetukazia kioo. Alitutoza shilingi 120,000. Ukijumlisha na zile 230,000 unapata 350,000, nazo zilianza kwa 40,000 iliyopigwa mstari.

Siku hizi ndani ya Noah kuna selotepu na mkasi, pale inapokaa kadi ya gari. Waipa tumebadilisha, za zamani mpira wake ulikuwa umekuwa mgumu na mchanga uliojificha chini yake ulishaanza kuchora kioo kipya. Hatufuti vumbi kavu, maji yanatangulia. Gari linaoshwa asubuhi, kivulini, na mchana tunalitegea boksi lililokunjuliwa nyuma ya kioo. Mume wangu akikuta lori la kokoto lisilofunikwa turubai anarudi nyuma mpaka pengo linatosha daladala, na daladala ikiingia kwenye lile pengo anarudi nyuma tena. Nguvu ya jiwe hupanda kwa mraba wa kasi. Nilimchorea hesabu hiyo nyuma ya karatasi ileile ya mahesabu.

Usiku wa Jumamosi ile ya gundi, mume wangu hakulala ndani. Nyumba yetu haina geti, na gari lenye dirisha wazi Tabata haliachwi peke yake. Alitoa kiti cha plastiki, akawasha dawa ya mbu, akaketi ubavuni mwa gari na tochi mapajani. Saa nne hivi binti yangu alimpelekea chai. Nilikuwa dirishani, nikamwona anataka kurudi, na baba yake anamshika mkono.

"Kaa, mama," alimwambia. Wakakaa kimya muda mrefu. Kisha nikamsikia: "Nilikutwisha mzigo usio wako. Fundi hakuniambia kitu nisichokijua. Nisamehe, mwanangu." Akatoa bahasha mfukoni, akampa. Ndani zilikuwemo 18,500, sarafu kwa sarafu. Hakuwa amezitumia. Mtoto aliegemea bega la baba yake, akalia kilio alichokuwa amekizuia wiki nzima.

Nyuma yangu mlango wa ua ulilia. Mama mkwe alikuwa ameamka kwa ajili ya matone yake, akawasikia, akatoka na khanga mabegani mpaka kizingitini. Kati yake na gari palikuwa na hatua kumi na taa moja ya jirani. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za gundi wala masharti. Alisimama, akageuza uso taratibu, jicho la kulia likitangulia.

"Baba," alimwita mwanawe, "mbona hilo dirisha la dereva mmeliacha wazi vidole vinne?"